Rangi ya Marijani na Makalio ya Nyani

Hodi, hadithi!

– Karibu, hadithi!

Imekuja na nini?

– Imekuja na rangi yake!

Iingie ndani?

– Ikae kwanza barazani!

Haya, na nyinyi kaeni. Sogeleaneni, mkeka unatosha. Pale pembeni, ukutani, pasikaliwe, pana mwenyewe. Mimi nasema polepole. Asiye na subira ahesabu vidole vyake, na akimaliza aanze tena.

Zamani palikuwa na mji wa wanyama kando ya bahari, na nyumba zake zote zilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Ukuta wa matumbawe, chokaa ya matumbawe iliyochomwa tanurini, na nje ya kila mlango baraza ya matumbawe. Mwenye nyumba aliingia ndani. Mgeni alikaa barazani mpaka akaribishwe. Hivyo ndivyo walivyoishi, na walipatana.

Katika mji huo alikuwamo Bi Digidigi. Mnamjua digidigi: mnyama mdogo, miguu kama njiti za kiberiti, macho makubwa, roho juu juu. Nao digidigi hutembea wawili wawili. Lakini Bi Digidigi sasa alikuwa mmoja. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na kuta za nyumba zikakaa eda pamoja naye.

Maana desturi ya mji ule ilikuwa hivi. Nyumba ya msiba haipakwi rangi. Inaachwa ichujuke na ibanduke. Eda ikiisha, mjane anatia rangi mahali panne tu: mwimo wa mlango wa kulia, mwimo wa mlango wa kushoto, kizingiti cha juu, na baraza. Na lazima rangi iwepo kabla ya sala ya Ijumaa ya kwanza. Watu wakipita kwenda kusali, waione, waseme, "Alhamdulillahi, nyumba hii ina mwenyewe." Wakikuta ukuta mkavu, watasema, "Hili ni gofu." Na gofu huchukuliwa na jirani.

Sasa jirani alikuwa nani?

Nyani!

Nyani, mabega kama magunia mawili ya mkaa, mikono inaburuza chini. Nyumba yake ilikuwa na vyumba saba. Kimoja alilala yeye, sita zililala ndizi. Hata hivyo kila asubuhi alisimama mlangoni kwa Bi Digidigi, akagonga ukuta kwa kidole, ko, ko, ko.

"Shemeji, hujahama?"

"Sijahama, shemeji."

"Basi sina haraka. Ijumaa inakuja yenyewe."

Akaenda zake, huku akipima kwa hatua mahali atakapotoboa ukuta ili nyumba mbili ziwe moja.

Eda ikaisha siku ya Jumatano. Alhamisi, Bi Digidigi akamwita fundi wa rangi, naye ni Kinyonga. Kinyonga akaja. Yaani, akaanza kuja. Aliinua mguu, akafikiri. Akaushusha, akafikiri tena. Alitoka kwake baada ya sala ya alfajiri. Nyumba ilikuwa ya tatu kutoka kwake. Akafika adhuhuri.

"Dada yangu, pole na msiba. Unataka rangi gani?"

Bi Digidigi akafungua fundo la leso. Ndani mlikuwa na kipande cha marijani, kidogo kama jino.

"Mume wangu alikiokota ufukweni siku tuliyomaliza kujenga. Akasema mlango wetu tutaupaka rangi hii. Chokaa akaichoma mwenyewe, akailoweka mwenyewe. Ndiyo hiyo, ndoo moja. Kuitia rangi hakuwahi."

Kinyonga akakitazama kile kipande kwa jicho moja. La pili alilipeleka pembeni kidogo, akalipangusa. Kisha akaanza kazi. Hakuwa na kitabu cha rangi. Kitabu chake kilikuwa ngozi yake.

"Hii?" akauliza, na mwili wote ukawa mwekundu.

"Hapana, fundi. Hiyo ni ya machinjioni. Mgeni atageuka njiani."

"Hii?" Akawa kama chungwa.

"Hapana, fundi. Hiyo ni ya sokoni. Inapiga kelele."

"Hii?" Akawa waridi.

"Hiyo ni ya bibi harusi. Mimi nina harusi gani?"

Kinyonga akafumba macho, kwanza moja, halafu la pili. Akachukua ile nyekundu, akaipunguza hasira. Akachukua ile ya chungwa, akainyamazisha. Akachukua ile ya waridi, akaivua hina na maua. Polepole, kuanzia mkiani, ikapanda rangi nyingine. Ilikuwa kama ufizi wa mtoto mchanga anapocheka. Ilikuwa kama mbingu pale watu wanapotoka msikitini alfajiri na jua bado linajiuliza.

Bi Digidigi akasogea. Akakiweka kile kipande cha marijani mgongoni mwa Kinyonga, na kipande kisionekane tena.

"Ndiyo hiyo," akasema.

"Hii ni rangi nzuri, dada, lakini inataka adabu. Nyekundu humwambia mtu simama. Nyeupe humwambia pita zako. Hii inamwambia karibu, kaa, tule kilichopo. Basi tutaiweka mlangoni tu, kuta zibaki nyeupe, ili jicho lijue liende wapi. Ukiipaka kila mahali, mtu hajui anakaribishwa wapi, anaumwa kichwa, anaondoka."

Akatia udongo mwekundu ndani ya chokaa. Akatia manjano, chembe. Akakoroga kwa mti, gwichi, gwichi, gwichi. Akakoroga hadi Magharibi, gwichi, gwichi, gwichi. Akaifunika ndoo kwa kawa, akajilaza barazani, akasema, "Kesho asubuhi, inshallah."

Ijumaa asubuhi, jua limepanda kidogo, Kinyonga ameinua brashi ya makumbi, anafikiri aanzie wapi. Hodi hakuna, salamu hakuna. Puu! Nyani ameruka ukuta.

"Ndoo hiyo ina nini?"

"Rangi, bwana mkubwa."

Nyani akafunua kawa, akachungulia. Macho yakamtoka.

"Rangi hii ni yangu."

"Ni ya mjane, bwana mkubwa."

"Nimeshasema. Nyumba yangu nitaipaka yote. Kuta nitapaka, dari nitapaka, sakafu nitapaka, hata sufuria nitapaka. Na huyu mjane, ikifika adhana bila rangi, nyumba yake nitaitwaa. Jioni nitakuwa na rangi yake na nyumba yake. Hoo! Hoo! Hoo!"

Akaikumbatia ndoo kifuani. Nani atamnyang'anya? Digidigi anamfika gotini. Kinyonga anamfika kwenye kidole.

Bi Digidigi akalia, "Fundi, mbona unamtazama tu! Hiyo ndiyo chokaa ya mume wangu! Nyingine sina!"

Kinyonga akainua mguu, akafikiri. Jicho moja akalipeleka kwa Nyani. La pili akalipeleka kwa Bi Digidigi, akalifumba, akalifumbua.

"Chukua, bwana mkubwa," akasema. "Mwenye nguvu nani atamzuia? Ila nakuonea huruma kuta zako."

"Zina nini kuta zangu?"

"Nzuri mno. Na rangi mpya haijaribiwi kwenye ukuta mzuri. Sisi mafundi tunajaribu kwanza kwenye ukuta wa mtu mwingine. Ikiharibika, yake."

Neno hilo Nyani alilipenda sana. Akacheka mpaka ndoo ikatikisika.

"Nitaijaribu hapa hapa! Kwa mjane!"

"Mimi sijasema hapa," akasema Kinyonga.

Na kweli, hakusema. Kinyonga alikuwa mcha Mungu. Siku ile hakusema uongo hata mmoja.

Nyani akachovya brashi, chubwi, akapiga mstari mmoja kwenye mwimo wa kulia, swaa!

"Mstari mmoja haujibu kitu, bwana mkubwa. Rangi huonekana ikijaa."

Swaa, swaa, swaa! Nyani akaujaza mwimo wote, juu hadi chini. Akarudi nyuma, akatazama, akakunja uso.

Nyinyi mmekaa miji ya chokaa, mnajua. Chokaa ndooni huonyesha rangi yake, lakini ikiwa mbichi ukutani ni giza. Inakuwa nzito kama ini la mbuzi. Ikikauka ndipo inapojionyesha, inang'aa, inakuwa nyepesi kama pumzi. Kila fundi anajua, kila mtoto wa fundi anajua. Nyani hajui. Tangu azaliwe hajapaka ukuta, amepakiwa tu.

"Mbona nyeusi!" akafoka. "Ndiyo rangi niliyoiona ndooni hii?"

Kinyonga akajigeuza rangi ya marijani, safi, tangu pua hadi mkia.

"Inatakiwa iwe hivi, bwana mkubwa. Linganisha."

Nyani akatazama Kinyonga, akatazama ukuta. Kinyonga, ukuta. Kinyonga, ukuta.

"Haifanani!"

"Haifanani," akasema Kinyonga. "Pengine ni jiwe. Kuna mwimo wa pili."

Swaa, swaa, swaa! Mwimo wa kushoto ukajaa. Nyani akatazama Kinyonga, akatazama ukuta.

"Nyeusi!"

"Nyeusi," akasema Kinyonga. "Bwana mkubwa ungeacha ikae kidogo..."

"Mimi sikai! Jiwe jingine liko wapi?"

Hapo Bi Digidigi alikuwa ameshaelewa. Machozi ameyafuta kwa ncha ya leso. Akapiga ukelele, "Jamani, msipake kizingiti cha juu! Naomba sana! Juu kule mume wangu alipandia ngazi. Juu kule hakuna mnyama anayefika!"

"Hakuna anayefika?" Nyani akageuka. "Unamwambia nani? Mikono hii unaionaje?"

"Mirefu, shemeji, lakini si kwa pale."

"Si kwa pale? Tazama!"

Akanyoosha mkono, akakishika kizingiti bila hata kusimama kwa vidole. Swaa, swaa, swaa! Akakipaka kulia, akakipaka kushoto, akakipaka hadi kwenye pembe ambazo buibui wenyewe walikuwa wameziacha. Kinyonga alikuwa amekesha akiwaza ngazi ataipata wapi. Akanong'ona, "Subhanallah, ngazi imejileta."

"Nyeusi!" Nyani akapiga mguu chini. "Zote nyeusi! Hii rangi imelaaniwa!"

"Bado jiwe moja," akasema Kinyonga taratibu. "Lile limelala. Rangi hutulia vizuri kwenye jiwe lililolala."

Jiwe lililolala ni baraza.

Nyani jasho lilimtiririka. Akaiinamia baraza, akaipaka upande huu, akaipaka upande ule, akakomba ndoo mpaka chini, krr, krr, krr. Ndoo ikaisha. Akaitupa, kolokolo, kolokolo, ikabingirika hadi chini ya ukuta.

"Nimechoka," akasema. Mikono inamuuma, mgongo unamuuma. Alikuwa hajawahi kufanya kazi ya saa mbili mfululizo. Akatafuta pa kukaa. Mnyama aliyechoka, mbele yake baraza, akafanya nini?

Akakaa.

Chwaa!

Akaegemea ukuta akafumba macho. Jua likawaka. Kinyonga akashusha mguu. Bi Digidigi akakunja leso yake. Jua nalo, kimya kimya, likafanya kazi yake. Mwimo wa kulia ukaanza kupauka. Mwimo wa kushoto ukafuata. Kizingiti kikafuata. Giza likatoka ndani ya rangi kama moshi unavyotoka jikoni, na marijani ikabaki, nyororo, mlangoni pa nyumba nyeupe.

Adhana ikalia, Nyani akainuka barazani, akasimama ameegemea mlango, macho bado mazito kwa usingizi. Watu wakatoka majumbani. Mbele yao alikuwa Kobe, imamu wa mji, ambaye kila wiki alitoka kwake Alhamisi ili awahi Ijumaa. Walipofika kwa Bi Digidigi wakasimama.

"Mashaallah," akasema Kobe. "Mlango unasema karibu. Nyumba hii ina mwenyewe."

Neno hilo likamzindua Nyani. Akaruka juu, akatazama mlango, akaona ile rangi, ile ile aliyoitaka. Akatazama ndoo, tupu. Akili ikamrudia ghafla, na ikaja na ubaya wake.

"Ina mwenyewe, naam!" akapaaza sauti. "Mwenyewe ni mimi! Nani kaipaka? Muulizeni huyu fundi, si msema kweli?"

Kobe akamgeukia Kinyonga. "Nani kaipaka?"

Kinyonga akainua mguu, akafikiri. Akaushusha.

"Yeye, imamu. Mahali pote panne. Mimi sikupiga hata mstari."

Watu wakaguna. Bi Digidigi akarudi nyuma, taka, taka, taka. Nyani akatanua mikono yake yenye rangi hadi kwenye viwiko. "Mmesikia? Anayepaka ndiye mwenyewe! Desturi hiyo, si yangu!"

"Imamu," akasema Kinyonga, "nina swali moja dogo. Katika mji wetu mwenye nyumba hukaa wapi, na mgeni hukaa wapi?"

"Hilo hata kifaranga analijua," akasema Kobe. "Mwenye nyumba ndani. Mgeni barazani."

"Basi tumuulize bwana mkubwa. Asubuhi hii alikuwa amekaa wapi?"

"Ndani!" akadakia Nyani. "Nilikuwa ndani kwangu, nakunywa chai. Ndiyo kwanza natoka. Baraza hii, wallahi, sijaikalia hata mara moja!"

Kinyonga akasikitika kidogo, maana kiapo ni kitu kizito.

"Bwana mkubwa," akasema, "geuka."

"Nigeuke nini?"

"Geuka tu."

"Sigeuki!"

Watu wakaanza kupiga makofi. "Geuka! Geuka! Geuka!" Kuku akapiga makofi kwa mbawa, punda kwa kwato. "Geuka! Geuka! Geuka!"

Nyani akajaribu kuondoka kinyumenyume, mgongo kwa ukuta. Akakanyaga ile ndoo yake, ikabingirika, kolokolo, naye akabingirika nayo, pindu! Miguu juu, kichwa chini.

Wote wakaona.

Makalio mawili, rangi ya marijani, yamekauka vizuri, yanang'aa juani. Na kwenye baraza, katikati ya rangi, madoa mawili meupe, duara, yamekaa pamoja kama sahani mbili.

Punda alicheka akakaa chini. Kuku alicheka akataga. Kobe alivuta kichwa ndani ya gamba, na gamba likatikisika peke yake, kwa sababu imamu hapaswi kuonekana akicheka saa ya sala. Alipotoa kichwa, uso ulikuwa mkavu.

"Mgeni," akamwambia Nyani, "tunakushukuru. Mgeni anayekuja na kazi mikononi ni nadra. Sasa nenda kajitwaharishe, sala imekaribia."

Nyani akakimbilia baharini. Akasugua kwa mchanga, rangi haikutoka. Akasugua kwa makumbi, haikutoka. Chokaa ya marehemu ilikuwa chokaa hasa, imelowekwa kwa mkono wa mwenye mapenzi. Alirudi kwake kwa njia ya nyuma, na tangu siku hiyo ukimtazama nyani anapokwenda zake, utaiona rangi ile.

Watu walipokwisha kwenda msikitini, Bi Digidigi akafungua fundo la leso. Akakitoa kile kipande cha marijani, akakishikiza kwenye mwimo wa mlango. Kikapotea. Akakitafuta kwa macho, hakukiona. Kilikuwa pale pale, lakini mwimo wote ulikuwa na rangi yake.

"Mume wangu amewahi," akasema.

Kinyonga akageuza macho yote mawili kule barabarani, ili asitazame.

Baadaye alimwambia, "Dada, yale madoa mawili ya barazani nitayaziba. Nitakuletea chokaa kidogo ya kwangu."

"Yaache, fundi. Baraza ilikuwa haina mtu wa kukaa muda mrefu. Sasa angalau inajulikana mahali pa kukaa."

Na watu wakaja wakakaa. Alasiri ile ile alikaa Punda, na Kuku kando yake, na kahawa ikatoka ndani.

Sasa, mafunzo ya hadithi, maana hadithi bila mafunzo watu watasema tumepoteza muda.

Kwanza, tuwe wachapakazi kama Nyani. Amka asubuhi, ruka ukuta, mpakie mjane nyumba yake yote, usidai ujira, usingoje kushukuriwa. Thawabu yake aliipata hapa hapa duniani, na hajaitua hadi leo. Pili, tusiwe wavivu kama Kinyonga, aliyeshinda kutwa amesimama na mguu mmoja hewani akitazama watu wakifanya kazi. Kizazi gani hicho? Na tatu, ukichoka, kaa popote.

Haya. Hadithi imekunywa kahawa yake, hadithi inainuka.

– Iinuke salama!

Mguu wake uko wapi?

– Uko njiani!

Na rangi yake?

– Imebaki mlangoni!

Basi Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na sisi atupe mwisho mwema. Amina.

Wewe uliyesimama mlangoni tangu mwanzo, miguu haikuumi? Njoo ukae, kahawa inakuja. Mkeka umejaa? Haujajaa. Kaa pale pembeni, ukutani. Ndiyo, pale pale, palikuwa pakikungoja wewe. Kaa tu.